Mabakuli ya Baharia Simeoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwezi wa kwanza wa ndoa unakaribia kwisha na bado moyo unanidunda Damiani akifungua geti. Leo ametoka kwenye mashine yake ya kukamua alizeti ananuka mashudu kuanzia kichwani hadi viatuni. Mwingine angesema ni harufu ya chakula cha ng'ombe. Mimi nasema ni marashi. Shati lake nimeliweka pembeni. Sitalifua hadi kesho.

Jana tulikuwa Mungaa kwa wakwe. Habari kubwa! Ukoo unajenga upya kaburi la babu yake Damiani, marehemu Simeoni, yule wanayemwita Baharia. Mnyaturu wa Mungaa, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya lambo la ng'ombe, akaenda Mwanza kijana mdogo, akawa nahodha wa meli ziwani! Nahodha! Nimeolewa katika damu ya nahodha!

Kaburi litawekwa marumaru, na kwenye marumaru yataandikwa majina ya watoto wake wote. Baba mkwe, Mzee Laurenti, ambaye ndiye mtoto wa kwanza, akauliza nani atakusanya majina. Wifi Cecilia akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha juu zaidi.

Wifi akacheka. Akasema mgeni hawezi kuhesabu ndama wa boma ambalo hata mlango wake hajaujua. Watu wakacheka naye. Hata mama mkwe, kidogo. Nikamjibu kwa adabu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba mkwe akaamua tulete wote wawili, Jumamosi ya tarehe 16. Mwenye kazi nzuri ndiye atakayevuta kitambaa na kulifunua kaburi mbele ya ukoo mzima.

Nakitaka hicho kitambaa kuliko nilivyoitaka keki ya harusi! Si kwa majivuno. Nimechoka kuitwa "bibi harusi" kama vile nitarudishwa dukani. Nataka waniite Emiliana, kama mtu wa pale.

Kabla ya kuondoka, baba mkwe alinionyesha hazina yake kabatini. Bakuli jeupe la bati, ukingo wa bluu, na ukiligeuza, chini imechorwa nanga nyekundu. Bakuli la melini. Akasema Babu hakuwa mtu wa mambo mengi. Mtoto wake akianza kula ugali, anamletea bakuli. Watoto watano, mabakuli matano. Asiye na bakuli si wa Simeoni.

Nikalipiga picha. Mpango ukazaliwa hapo hapo.

Jumatano, 6 Agosti

Cecilia anadhani kazi ni kuandika majina matano. Maskini. Mtu akae melini maisha yake yote, apate watoto watano tu, tena wote Mungaa? Mimi nimemaliza kidato cha nne. Jiografia naijua. Ziwa lina bandari nyingi.

Nimetuma picha kwenye makundi yote ya simu. La kwaya. La wauza alizeti. La tuliosoma pamoja sekondari. La Wanasingida Kanda ya Ziwa pia, ambako nilijipenyeza kwa kusema nasafirisha kuku wa kienyeji. Nikaandika: Mwenye bakuli kama hili, lenye nanga chini, atupigie. Kuna jambo la heri.

Majibu hadi saa nane mchana: mtu wa Nzega anauza mabakuli ya plastiki kwa jumla. Dada mmoja anauliza kama jambo la heri ni pesa. Mwalimu wangu wa zamani ananionya niachane na ushirikina ningali kijana. Watu wawili wameniagiza kuku.

Cecilia naye ameiona. Amemtuma Damiani aniulize tangu lini mtu wa ziwani akaitwa baharia, kwani ziwa limekuwa bahari? Nikamwambia Damiani amjibu dada yake kwamba samaki hawajawahi kulalamika. Damiani alicheka hadi akakaa chini. Nampenda anavyocheka! Mabega yanatangulia, sauti inafuata.

Jioni simu ikalia. Namba ngeni. Mtu akakohoa mara mbili kabla ya kusema, kama anavyokohoa baba mkwe. Nikasema shikamoo baba. Akasema marahaba, mimi Laurenti. Nikamwuliza mbona amebadilisha namba. Akasema hajabadilisha chochote. Yuko Bukoba. Ana bakuli.

Jamani!

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu ya wakulima na mimi navuna!

Laurenti wa Bukoba anasema baba yake alikuwa Simeoni, mtu wa Singida, mpole, mwenye kofia. Meli ikifika anakuja nyumbani. Ikipiga honi anaondoka. Kwao wamezaliwa watatu, mabakuli matatu. Jana alinipigia mama mmoja wa Musoma. Kwao wawili, na kaka yake mkubwa anaitwa, naapa, Laurenti. Leo asubuhi Kisumu! Mapacha, bakuli kila mmoja. Sikuuliza pacha wa kwanza anaitwa nani. Nilisema tu, habari yako Laurenti, na akashangaa nimejuaje.

Nyumba nne pamoja na Mungaa, na kila nyumba Laurenti mmoja. Nimeliwaza hilo nikipepeta mchele. Mtu mwenye akili kiasi gani! Hata akiamshwa usingizini asijue yuko mji gani, akiita "Laurenti!" mtoto anaitika. Na hakuna nyumba iliyokosa bakuli. Wanaume wangapi leo wana nyumba moja na hiyo moja haina sufuria?

Kitu kimoja kidogo. Hakuwa nahodha. Laurenti wa Bukoba anasema baba yao alikuwa mpishi. Nilisikitika kama dakika mbili. Halafu nikafikiri: nahodha anaongoza meli, lakini nani anamwongoza nahodha akiwa na njaa? Na mabakuli yametoka wapi, kama si jikoni? Kila kitu kinaingiana!

Nikamweleza Damiani yote. Alicheka kwanza. Akaniuliza huyo wa Bukoba amezaliwa mwaka gani. Nikasema hamsini na sita. Baba mkwe ni wa hamsini na nane. Damiani akasema, taratibu, kwamba baba yake hana shamba kubwa wala ng'ombe wengi. Cheo chake duniani ni hicho kimoja, kuwa mtoto wa kwanza wa Simeoni. Ndiye anayekaa kiti cha mbele. Ndiye anayekata nyama ya kwanza. Akaniomba nimwambie mapema, tukiwa peke yetu.

Moyo wa mume wangu ni pamba. Nikamtuliza. Zawadi hufunguliwa mbele za watu.

Sikumwambia kwamba Laurenti wa Bukoba nimeshamwalika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekufa.

Baada ya ibada nilikwenda Ikungi kwa Bibi Eliza, mama yake mama yangu, nijisifu. Nani mwingine wa kujisifia? Bibi kwao ni Mungaa, aliolewa Ikungi na marehemu Babu Hezekia. Nilimkuta uani anawatukana kuku wake kwa Kinyaturu. Nikampa shikamoo, akaniitikia "mke mwenzangu," akauliza kama mume wetu amekula.

Nikasogea kuwaongezea kuku maji. Chombo chao ni kile kile cha miaka yote, bakuli kuukuu lililobabuka, jeusi kwa masizi. Nikamwaga maji ya zamani. Nikaligeuza.

Nanga.

Nyekundu!

Nikamwuliza Bibi bakuli hili limetoka wapi. Akasema alipewa na Simeoni, mtu wa meli. Nikamwuliza kwa nini. Akasema nikamwulize Simeoni mwenyewe, kaburi lake si mnalitengeneza? Akacheka hadi akashika mbavu. Nikamsihi. Akaniambia mambo ya ujana wake hayaulizwi na mtoto aliyeolewa juzi, akashika fagio.

Nilipanda bodaboda machozi yakikaushwa na upepo. Asiye na bakuli si wa Simeoni. Basi mwenye bakuli ni wa Simeoni! Bibi ana mtoto mmoja tu, mama yangu Lea. Kama mama ni wa Simeoni, basi mama na baba mkwe ni ndugu. Na mimi na Damiani ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Wazee wakijua watatutenganisha kabla maua ya harusi hayajanyauka. Washenga waliuliza koo zote kabla ya mahari. Ukoo wa baba, ukoo wa mama, hadi koo za bibi. Hawakuuliza mabakuli!

Damiani alinipokea getini. Nikamtazama masikio. Ni ya mama yangu kabisa. Kwa nini sikuwahi kuyaona?

Jumanne, 12 Agosti

Mpango mpya. Hakuna bakuli, hakuna undugu.

Nimenunua bakuli la plastiki sokoni Ikungi, la kijani, zuri tu. Nikangoja Bibi aende kwa jirani kuomba moto. Nikabadilisha. Kuku wakaniangalia vibaya. Bakuli la nanga nimelifunga kwenye kanga, nikalileta huku kwetu mjini, nikalizamisha kwenye gunia la mashudu kule mashineni, lile la nyuma kabisa. Nani atatafuta bakuli kwenye mashudu?

Kuhusu Damiani nimejitahidi kuishi naye kama ndugu hadi nijue ukweli. Ni kazi ngumu kuliko kidato cha nne. Jana alitaka kunibusu, nikampa mkono. Nikasema naumwa, labda malaria, nitalala sebuleni nisimwambukize. Akasema malaria haiambukizwi hivyo. Nikasema hii ya kwangu ni ya aina nyingine.

Akatoka. Akarudi na dawa, ndimu na soda. Akapika uji mwenyewe. Una mabonge kama mawe ya Singida. Akakaa pembeni ya kochi ananipulizia kikombe kipoe. Nikalia. Akauliza panauma wapi. Nikasema kote.

Mwanamume wa namna hii, halafu awe binamu!

Alhamisi, 14 Agosti

Gunia la nyuma kabisa limeuzwa.

Nilimwuliza Damiani kwa utaratibu kabisa, nikiwa nimemshika kola. Akasema kuna mteja alitaka mashudu ya ng'ombe wake, akampa lile la nyuma kwa kuwa lilikuwa kavu. Mteja gani? Dada yake.

Cecilia!

Saa kumi akanipigia. Sauti ya asali. Akaniuliza malaria yangu ya aina nyingine inaendeleaje. Akashukuru kwa gunia. Akasema mashudu ya safari hii yana nyama ndani. Nikasema sielewi. Akasema hata yeye hakuelewa, lakini yeye si mtu wa kutuma picha kwenye makundi, yeye atauliza ukoo Jumamosi, ana kwa ana. Mabakuli yote matano ya Mungaa yapo makabatini, ameyahesabu. Basi hili la sita ni la mtoto gani, na kaka yake alikuwa anamficha wa nini?

Yaani anadhani ni siri ya Damiani! Mume wangu atasimamishwa mbele ya ukoo kwa kosa langu!

Nikampigia Laurenti wa Bukoba, angalau huyo nimzuie. Nikasema mkutano umeahirishwa. Akakohoa mara mbili. Akasema pole, lakini yeye ameshafika Nzega na mkungu wa ndizi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika haraka, watu bado wanacheza nje.

Mungaa palijaa. Turubai, viti vya kukodi, sufuria za pilau, kaburi limefunikwa kitambaa cheupe. Baba mkwe kwenye kiti cha mbele, kwenye koti la harusi yetu. Mtu akakohoa mara mbili. Nikadhani ni yeye. Alikuwa amesimama mtu nyuma ya viti, mrefu, mkungu begani, kitu kimefungwa kwenye kitenge mkononi.

Nikainuka. Nikasema, baba, nimekuletea zawadi. Zawadi akafungua kitenge. Bakuli. Nanga. Akajitambulisha: Laurenti, mtoto wa Simeoni, kutoka Bukoba.

Baba mkwe akasema Laurenti ni yeye. Mgeni akasema hata yeye. Mtu mmoja nyuma akasema haya sasa, tupeni na wa tatu. Nikasema, kwa sauti ndogo, yuko Musoma. Na wa nne Kisumu. Nikasoma majina yote. Hakuna aliyecheka. Baba mkwe aliyageuza mabakuli mawili, lake na la mgeni, chini juu, akafananisha nanga, kwa muda mrefu. Akauliza mgeni amezaliwa mwaka gani. Akaambiwa.

Damiani alikuwa ananitazama. Nikatamani ardhi ipasuke. Nimemvua mzee wa watu cheo chake mbele ya watu, kwa ajili ya kitambaa!

Baba mkwe akasimama. Akatoka kwenye kiti chake. Akavua kofia. Akainama kidogo, yule mzee ambaye Mungaa nzima inamwamkia, akasema, "Shikamoo, kaka."

Yule wa Bukoba akaweka mkungu chini akamkumbatia. Halafu wote wawili wakakohoa mara mbili. Mama mkwe akapiga kigelegele kikakatika katikati kwa kilio. Baba mkwe akasema maisha yake yote amekuwa anaamua peke yake, amechoka, sasa kuna wa kumwuliza. Akamkalisha kwenye kiti cha mbele. Yeye akakaa cha pili, na naapa alionekana kijana zaidi.

Nilikuwa bado nalia wakati Cecilia aliposimama na bakuli la sita. Akauliza limetoka kwa nani hili, limekutwa kwenye mashudu ya Damiani, na Damiani aseme. Damiani akasema hajawahi kuliona. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Ikatoka nyingine. Bodaboda ilikuwa imesimama barabarani na Bibi Eliza anashuka na fimbo. Alikuwa anakuja kushitaki kwa wakwe zangu. Mwizi ameingia uani kwake, ameiba bakuli, ameacha takataka ya kijani, na kuku wamegoma kunywa tangu Jumanne. Akamwona Cecilia. Akaona kilichoko mkononi.

Akasema, "Kumbe mwizi wangu ni wewe, binti mzuri hivyo!"

Uso wa wifi! Mungu anisamehe, nilifurahi kama nukta moja. Kisha nikakiri. Nikapiga magoti nikasema mwizi ni mimi, Damiani hana kosa, nimeficha kwa sababu bakuli ni mtoto, na mtoto ni mama yangu, na mimi na mume wangu ni ndugu, na msitutenganishe, tafadhali, uji wake una mabonge lakini sitaki wa mwingine!

Bibi akanigeukia.

Akasema, "Kwani bakuli lina mimba?"

Akaomba kiti. Akaeleza. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, yeye msichana, Simeoni alikuja likizo amevaa kofia na viatu vyeupe. Akamkuta kisimani, akajiita nahodha, akatoa bakuli la posa. Bibi akalitazama ndani. Hamna kitu! Si chumvi, si sukari, si hata shanga. Akamwambia hajawahi kuona mwanamume anaposa kwa bakuli tupu, tena mikono inanuka vitunguu. Akamkataa. Kesho yake alipotaka kulirudisha, mwenyewe alikuwa ameshaifuata meli yake Mwanza, na hakupita tena njia ya kwake. Bakuli likabaki. Kisha akaolewa na Hezekia, na Lea akazaliwa miaka kumi na mbili baadaye, na kama kuna mtu anabisha aje ayaangalie magoti ya Lea, ni ya Hezekia matupu.

Sijui nilifikaje mikononi mwa Damiani. Nilikuwa huko tu. Akaninong'oneza kama malaria imepona. Nikasema imepona kabisa.

Lakini wazee! Laurenti wawili waliinamiana, wakashauriana kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakakubaliana papo hapo. Wa Bukoba akatoa hukumu huku anajizuia kucheka: posa ambayo zawadi yake haikurudishwa bado ni posa. Kwa hiyo Bibi Eliza ni mchumba wa marehemu hadi leo. Arudishe bakuli na mbuzi wa kuomba radhi, au aandikwe kwenye marumaru pamoja na wake wengine.

Bibi akaegemea fimbo. Akasema mbuzi hana, na kwenye kaburi la mpishi hataki kuandikwa. Akaninyooshea kidole.

"Mlinipa bakuli tupu," akasema. "Mimi nimewapa Emiliana. Nani anamdai mwenzake?"

Vigelegele! Ukoo mzima uliita jina langu. Jina langu, si bibi harusi! Kitambaa tulivuta wawili, mimi upande huu na wifi upande ule. Fundi ataandika majina yote, nyumba zote nne. Cecilia ameniambia kwamba kazi yangu ilikuwa ya fujo lakini ilikuwa kazi. Nikamwambia mwandiko wake ni mzuri. Na ni mzuri kweli.

Bakuli amelirudisha Bibi mwenyewe kwake Ikungi, kwenye bodaboda, juu ya mapaja. Kuku wanasubiri.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi tulivu. Damiani ameniambia kwamba ananipenda bila babu wala bibi yeyote, mimi peke yangu. Nimeapa mbele yake sitachimbua ukoo wa mtu tena. Mambo ya wazee yana wenyewe. Yangeweza kuvunja ndoa, kuvunja mzee, kuvunja kila kitu. Nimejifunza! Akanibusu kwenye paji la uso akaenda kanisani kumsindikiza Laurenti wa Bukoba.

Jambo moja tu. Jana wakati wa pilau, Bibi alikuwa anamsifu Babu Hezekia. Akasema alimchagua kwa sababu alitaka mume wa kutulia, si mtu wa bandari. Hezekia alikuwa dereva wa lori la pamba. Anaenda Shinyanga tu na kurudi.

Shinyanga tu! Miaka ishirini na mbili, Shinyanga tu!

Na kila aliporudi alikuwa anamletea mama yangu kijiko cha bati, chenye mpini wa kijani. Mama bado anacho kimoja. Nimekipiga picha kwa ajili ya kumbukumbu, basi. Kuituma kwenye makundi ni jambo lingine kabisa.

Nimeituma.